Breki na klachi za gari la kujijengea: Hesabu kwanza, spana baadaye

MFUMO wa breki ni sehemu ya gari isiyosamehe makosa. Hata hivyo, katika kazi ya kulijenga upya gari la zamani, wapenzi wengi wa magari huanza na injini kubwa na matairi mapana, kisha breki na klachi hutafutiwa vipuri vyovyote vinavyoenea kwenye nafasi iliyopo. Matokeo yake ni gari lenye pedali ngumu kama jiwe au pedali inayozama hadi sakafuni, ingawa kila kipuri ni kipya.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni Ford Escort ya miaka ya 1970. Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya mwaka 1977 akiwa na Escort RS1800, na tangu mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalipoanza mwaka 2003, Escort imekuwa miongoni mwa magari yanayojengwa upya kwa ajili ya njia za vumbi za Afrika Mashariki. Escort ya kawaida ilitoka kiwandani ikiwa na klachi inayovutwa kwa waya. Wajenzi wa magari ya mashindano huuondoa waya huo na kufunga fremu mpya ya pedali yenye masta silinda tatu: ya breki za mbele, ya breki za nyuma na ya klachi.

Kanuni ya Pascal

Mfumo huo hufuata kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Duesenberg ya mwaka 1921 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuitumia kanuni hiyo kwa breki za magurudumu yote manne.

Mguu wa dereva unapokanyaga kwa nguvu ya kilo 30, na pedali ikiwa na uwiano wa tano kwa moja, nguvu inayofika kwenye masta silinda ni kilo 150. Katika mfumo wa masta silinda mbili za breki, nguvu hiyo hugawanywa na fimbo ya mizani. Fimbo ikiwa katikati, kila silinda hupata kilo 75. Silinda yenye kipenyo cha milimita 15.9 ina eneo la takriban sentimita 2 za mraba, hivyo hutoa shinikizo la kilo 38 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Silinda yenye kipenyo cha milimita 19 hutoa kilo 26 tu. Kwa maneno mengine, silinda ndogo ndiyo inayotoa shinikizo kubwa, jambo ambalo ni kinyume cha wanavyodhani wengi.

Faida hiyo ina gharama yake. Chukua kalipa za mbele zenye pistoni nne, kila pistoni ikiwa na kipenyo cha milimita 38 na ikihitaji kusogea robo ya milimita. Kalipa mbili zitahitaji zaidi kidogo ya sentimita 2 za ujazo wa mafuta ya breki. Kwa silinda ya milimita 15.9, pedali itashuka karibu sentimita 6 kabla ya pedi kushika diski barabara; kwa ile ya milimita 19 itashuka karibu sentimita 4. Kinachopatikana kwenye nguvu hulipwa kwenye mwendo wa pedali, na hakuna kipuri kinachoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Kosa jingine ni kujumlisha pistoni zote nne wakati wa kukokotoa nguvu ya kubana. Pistoni za pande mbili husukumana, kwa hiyo nguvu huhesabiwa kwa pistoni za upande mmoja tu. Pistoni zote nne huhesabiwa katika ujazo wa mafuta.

Mbele na nyuma

Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari huweza kugeuka na kuangalia lilikotoka. Ya mbele yakijifunga kwanza, gari huendelea kwenda moja kwa moja bila kutii usukani. Hatari ipo, lakini dereva akiachia pedali kidogo hurudisha udhibiti. Kwa sababu hiyo, fimbo ya mizani hurekebishwa ili magurudumu ya mbele yatangulie kujifunga.

Aidha, fimbo hiyo sharti iwe na nafasi ya kuinama kwa kiasi kilichopimwa. Njia moja ya mafuta ikipasuka, fimbo huinama na kuendelea kuisukuma silinda iliyobaki. Ikikwama, au ikiinama kupita kiasi, njia ya pili nayo hukosa nguvu, na faida ya kuwa na njia mbili hupotea.

Klachi: mwendo ndio muhimu

Katika klachi, swali kuu ni umbali ambao pampu ya chini inasukuma uma wa klachi. Masta silinda ya milimita 15.9 ikisukumwa milimita 30, pampu ya chini ya milimita 19 husogea takriban milimita 21. Mwenye gari akibadilisha masta silinda peke yake na kuweka ya milimita 19, pampu ya chini nayo itasogea milimita 30. Pedali itakuwa ngumu zaidi, na springi ya klachi huweza kusukumwa kupita kiwango chake na kuharibika. Ndiyo maana fremu ya pedali hufungwa kizuizi cha kukomesha mwendo.

Kama breki na klachi zinatumia chupa moja ya mafuta, tundu la klachi huwekwa juu zaidi, ili klachi ikivuja isimalize mafuta ya breki.

Mabomba, nati na mafuta

Mabomba yawe ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko na hatimaye hupasuka. Hatari iliyofichika zaidi ni nati. Nati ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5, hivyo huingia kwenye tundu la milimita 10 na kuonekana imekaza. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu zote, nyuzi zake huweza kuchomoka. Gari lenye vipuri vya Uingereza vilivyochanganywa na vya Japani sharti lipimwe nati kwa nati.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kwa asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini huwa nyuzi 155. Yakichemka katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedali huzama. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika mfumo huu, kwani huvimbisha na kuharibu mipira yake.

Kabla ya kuingia barabarani

Baada ya kutoa hewa yote, pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja. Ikishuka polepole, kuna mahali panapovuja. Kila kiungo hupanguswa kwa karatasi kavu, na mipira ya magurudumu hukaguliwa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande na magurudumu yakiwa yananing'inia. Majaribio ya kwanza hufanyika mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo, mtu mwingine akiwa pembeni kutazama ni magurudumu yapi yanayotangulia kujifunga.

Breki ya mkono ya waya ibakizwe hata kama gari limefungwa ya mafuta kwa ajili ya mashindano. Shinikizo la mafuta huweza kupungua gari likiwa limeegeshwa, na gari lililoachwa kwenye mlima halina mtu wa kukanyaga pedali.