Kahawa ya Birika na Espreso ya Mashine: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkulima na Mnywaji wa Buhigwe

BUHIGWE – Kahawa aina ya Arabika ni miongoni mwa mazao ya biashara yanayotegemewa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan Wilaya ya Buhigwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania husafirishwa nje ya nchi ikiwa haijakaangwa. Matokeo yake, wapo wakulima waliolitunza zao hili kwa miaka mingi bila kuonja hata kikombe kimoja cha kahawa ya shamba lao wenyewe.

Hali hiyo ina athari katika kipato. Bei ya kahawa hutegemea, pamoja na mambo mengine, ladha yake kikombeni. Mkulima asiyeifahamu ladha hiyo hupokea taarifa ya daraja la kahawa yake bila kuwa na namna ya kuipima. Aidha, vikundi vya vijana na wanawake vinavyotafakari kufungua mgahawa wa kahawa hujiuliza iwapo ni lazima kununua mashine ya espreso, au iwapo birika na jiko vinatosha. Makala haya yanafafanua tofauti ya njia hizo mbili, gharama zake na mahali ambapo kila moja inafaa.

Kahawa ya jikoni

Njia kongwe zaidi ni kuchemsha unga wa kahawa na maji katika sufuria au birika. Katika mwambao wa Tanzania na Zanzibar, kahawa hutiwa katika dele la shaba juu ya jiko dogo la mkaa, mara nyingi ikiongezwa tangawizi, na hunywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata. Njia hii haihitaji chujio la pekee. Machicha huachwa yatuame, kisha kahawa humiminwa taratibu.

Njia ya pili ya jikoni ni birika la moka, lililobuniwa nchini Italia mwaka 1933 na kuhusishwa na Alfonso Bialetti. Birika hilo lina sehemu tatu: chungu cha chini cha maji chenye vali ya usalama, chujio la unga wa kahawa katikati, na chungu cha juu kinachopokea kahawa iliyo tayari. Moto unapopasha maji, mvuke na hewa iliyofungiwa hutanuka na kuyasukuma maji yapite katika unga kwenda juu. Mgandamizo wake ni mdogo, kwa kawaida kati ya baa 1 na 2. Kahawa yake ni nzito kuliko ya sufuria, lakini siyo espreso.

Mtumiaji wa birika la moka anashauriwa kutia maji yasiyovuka usawa wa vali, kujaza unga bila kuushindilia, kutumia moto mdogo, na kuliondoa birika jikoni mara tu linapoanza kukoroma. Likiachwa motoni zaidi, kahawa huungua na kuwa chungu. Vali iliyoziba ni hatari na haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa ndiyo kinga dhidi ya birika kupasuka.

Espreso ya mashine

Espreso ni kahawa inayotolewa kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia unga uliosagwa laini na kushindiliwa. Luigi Bezzera wa Milan alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1901, ikitumia nguvu ya mvuke. Mashine za mwanzo zilikuwa na mgandamizo mdogo, na mvuke uliunguza kahawa. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Achille Gaggia, aliyepata hataza mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mashine zake za mkono wa chuma ziliweza kusukuma maji bila kutegemea mvuke. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine ya E61 iliyotumia pampu ya umeme, na mfumo huo ndio msingi wa mashine nyingi za sasa.

Viwango vinavyotumika kwa kawaida ni mgandamizo wa baa 9, maji ya nyuzi joto 90 hadi 96 za Selsiasi, na muda wa sekunde 25 hadi 30. Kikombe kimoja hutumia gramu 7 hadi 9 za unga na hutoa takriban mililita 30 za kahawa nzito yenye povu la rangi ya hudhurungi juu yake. Kahawa hiyo ndiyo msingi wa kapuchino na vinywaji vingine vya maziwa.

Nguvu hiyo ya mashine ina pande mbili: hukoleza sifa za kahawa na pia hukoleza kasoro zake. Arabika iliyooshwa, ambayo kwa asili ina uchachu wa kupendeza, huweza kuwa chachu kupita kiasi katika espreso iwapo imekaangwa kidogo mno au kusagwa vibaya. Kwa sababu hiyo, mashine bila kisagio kizuri na mtumiaji aliyefunzwa haitoi matokeo yanayotarajiwa.

Mwinuko na joto la maji

Jiografia ya Buhigwe inamnufaisha mpishi wa kahawa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 katika usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Katika mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo, maji yaliyotoka tu kuchemka katika vilima vya Manyovu huwa ndani ya kiwango kinachofaa kwa kahawa, bila kuhitaji kipimajoto.

Hesabu ya gharama

Kahawa safi inapokaangwa hupoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kaya inayobakiza kilo 5 za kahawa safi itapata angalau kilo 4 za kahawa iliyokaangwa. Kwa kipimo cha gramu 60 kwa lita moja ya maji, kiasi hicho hutoa zaidi ya lita 65 za kahawa ya birika. Kwa espreso ya gramu 8, kilo 4 hizo hutoa vikombe vidogo 500.

Espreso, kwa hiyo, hutumia kahawa kidogo kwa kila kikombe. Hata hivyo, gharama yake kubwa iko katika mtaji wa kununua mashine na kisagio, vipuri, mafunzo na nishati. Mashine ndogo ya nyumbani hutumia wati 1,000 au zaidi, na ile ya mgahawa hutumia mara kadhaa ya kiasi hicho. Kabla ya mkoa kuunganishwa na Gridi ya Taifa, miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, na biashara ya aina hii ilikuwa ngumu kuendeshwa. Hata pale umeme unapopatikana, maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya mashine, hivyo huhitaji kuchujwa.

Kwa upande wa jikoni, gharama kuu ni kuni, mkaa au gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Birika la moka hufanya kazi vyema juu ya jiko la gesi, kwa kuwa moto wake hupunguzwa kwa urahisi.

Afya ya mnywaji

Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa huwa na mafuta ya asili yanayoweza kupandisha lehemu katika damu. Karatasi ya kuchujia huyaondoa kwa sehemu kubwa. Kikombe cha espreso huwa na takriban miligramu 60 za kafeini, na kikombe kikubwa cha kahawa ya birika huweza kuzidi kiasi hicho. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya huweka ukomo wa miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima na 200 kwa mjamzito. Aidha, kahawa inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma mwilini.

Kikombe kinachoamua daraja

Waonjaji wanaopima ubora wa kahawa hawatumii mashine ya espreso wala birika la moka. Utaratibu unaotumika sana duniani ni kutia gramu 8.25 za unga katika kikombe, kumimina mililita 150 za maji ya moto yaliyotoka tu kuchemka na kupoa kidogo, kusubiri dakika 4, kuvunja tabaka la juu kwa kijiko na kunusa, kisha kuonja kahawa inapopoa.

Vifaa hivyo vipo katika kila kaya. Mkulima anaweza kukaanga kiasi kidogo cha kahawa yake, kuitwanga na kuionja kwa utaratibu huo. Ladha ya majani mabichi huashiria kuvuna matunda ambayo hayajaiva. Harufu ya kuoza huashiria kahawa iliyochelewa kumenywa au iliyochachuka kupita kiasi, na harufu ya ukungu huashiria kahawa isiyokauka vizuri. Ladha ya kiazi kibichi, inayofahamika katika nchi za Maziwa Makuu, huhusishwa na wadudu aina ya antestia. Kila kasoro hurekebishwa shambani au wakati wa uchakataji. Hakuna birika wala mashine inayoweza kuiondoa.

Ubora wa kahawa ya nyanda hizi umewahi kutambuliwa nje ya nchi. Kahawa ya wakulima wa Kigoma iliuzwa Marekani kwa jina la Gombe Reserve na kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters, kwa ushirikiano na Taasisi ya Jane Goodall.

Wakulima wanaohitaji ushauri wa miche bora, uvunaji na uchakataji wanaweza kufika katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) kilichopo Mwayaya wilayani Buhigwe, au kuwaona maafisa kilimo wa kata na viongozi wa vyama vyao vya msingi vya ushirika. Vikundi vinavyokusudia kuuza kahawa iliyokaangwa vinashauriwa kuwasiliana kwanza na Bodi ya Kahawa Tanzania na Shirika la Viwango Tanzania, na kupata leseni ya biashara kupitia halmashauri. Kwa kikundi kinachoanza, birika na wateja wa kudumu ni hatua ya kwanza ya busara. Mashine inaweza kufuata pale idadi ya vikombe kwa siku inapotosha kulipia umeme, matengenezo na mkopo wake.