Kobe, Mnazi wa Plastiki na Sinki la Jikoni

Muulize mtu yeyote anayefuga kobe wa majini kazi gani inamchosha zaidi, atakwambia ni kusafisha tangi. Kobe huyu anakula majini, anajisaidia majini, na hata kumeza chakula anahitaji maji, kwa hiyo huwezi kumtoa nje ili ale pembeni. Mabaki na kinyesi vikioza hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati unaipunguza kwa kubadilisha maji. Basi, kemia ya tangi ni hiyo tu.

Ila leo sikuandikii kemia. Nataka tuzungumzie kipindi ambacho swali la "maji ya kobe tuyamwage wapi?" liliugusa uhai wa watoto wengi, mpaka serikali ikaingilia kati.

Twende Marekani, miaka ya 1950 na 1960. Ingia duka lolote dogo la vitu vya bei rahisi na utamkuta kobe mchanga mwenye mstari mwekundu pembeni ya kichwa. Wanasayansi wanamwita *Trachemys scripta elegans*, na asili yake ni maeneo ya bonde la mto Mississippi. Gamba lake halizidi sana upana wa sarafu kubwa. Anauzwa kwa senti chache pamoja na bakuli la plastiki lenye kisiwa katikati, na juu ya kisiwa kumesimikwa mnazi wa plastiki. (Huyu kobe na minazi wapi na wapi, lakini biashara ni biashara.) Wengine walipakwa rangi mgongoni, wakachorwa maua. Walitoka kwenye mashamba ya kobe, hasa jimbo la Louisiana, ambako kobe wakubwa waliwekwa kwenye mabwawa, mayai yakakusanywa, na vitoto vikasafirishwa kwa mamilioni.

Kwa kobe mwenyewe lile bakuli lilikuwa kifungo. Jua hakuna, na bila miale ya urujuanimno mwili wake hautengenezi vitamini D ya kutosha kutumia kalsiamu. Chakula chenyewe kilikuwa wadudu waliokaushwa, kalsiamu kidogo, vitamini A kidogo. Matokeo yake gamba linalainika na macho yanavimba hadi kufumba, na kobe asiyeona hali. Rangi ya mgongoni nayo ilibana gamba lililotaka kukua. Mnyama anayeweza kuishi zaidi ya miaka 20 alikuwa anakufa kabla ya mwaka kuisha. Na kwa kuwa mwingine alipatikana kwa senti chache, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kobe ndivyo walivyo, hawadumu.

Sasa njoo kwa binadamu. Salmonela ni bakteria wanaosababisha kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na kwa mtoto mchanga wanaweza kuingia kwenye damu wakamuua. Jina limetokana na Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa kazi ya maabara ya mwaka 1885 ilifanywa na msaidizi wake, Theobald Smith. (Wanafunzi wenzangu wa uzamili, najua mmecheka.) Kwa miaka mingi, mtu akiugua salmonela swali la kwanza lilikuwa: umekula nini? Mayai? Kuku? Mwaka 1963 ndipo ilipotolewa taarifa ya kwanza iliyomhusisha mgonjwa na kobe wa kufugwa.

Ukishaambiwa, unajiuliza kwa nini haikuonekana mapema. Kobe hubeba salmonela tumboni bila kuumwa hata kidogo. Huwatoa kwa kinyesi, kinyesi kinaingia kwenye maji ya uvuguvugu yenye mabaki ya chakula, na bakteria wanazaliana humo. Mtoto anatia mkono bakulini, anambusu kobe, au anamtia mdomoni mzimamzima, maana anaenea. Halafu inakuja sehemu inayonisikitisha zaidi. Bakuli dogo huchafuka haraka, kwa hiyo mzazi mwenye bidii analibadilisha maji kila mara. Anayamwaga wapi? Kwenye sinki la jikoni, palepale panapooshewa mboga na chupa ya mtoto. Kadiri alivyosafisha, ndivyo maji yale yalivyozidi kupita jikoni kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walikadiria kwamba kobe wa kufugwa walihusika na maambukizi 280,000 hivi kila mwaka nchini Marekani, kama asilimia 14 ya salmonela yote ya binadamu. Hiyo ni idadi ya mji mzima.

Serikali ilianza kwa upole. Mwaka 1972 iliamuliwa kobe wanaovushwa kutoka jimbo moja kwenda jingine wapimwe na wapewe cheti cha kutokuwa na salmonela. Kwenye karatasi inaonekana safi, lakini kibaiolojia haikuwezekana. Kobe hatoi bakteria kila siku. Leo anapimwa hana, kesho anafungwa kwenye boksi, anasafirishwa, anapata msongo, anaanza kuwatoa kwa wingi. Kobe wenye vyeti wakakutwa na salmonela. Ndipo mwaka 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa (FDA) ikapiga marufuku kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 na kidogo. Kwa nini 4? Kwa sababu mtoto mdogo hawezi kumtia mdomoni kobe wa ukubwa huo, wala hamchukulii kirahisi kama mdoli. Ilikadiriwa kuwa marufuku hiyo ilizuia maambukizi 100,000 ya watoto kwa mwaka. Kwangu mimi hii ni moja ya sheria nzuri za afya ya jamii: haikumlaumu mama kwamba hasafishi vizuri, ilikiondoa chanzo.

Lakini soma maandishi madogo. Sheria iliruhusu kobe hao hao wadogo kuuzwa nje ya nchi. Hapo siwezi kuitetea. Kama hafai kwa mtoto wa Chicago, anamfaaje mtoto wa nchi nyingine? Mashamba yaligeukia soko la nje, na ili wanunuzi waridhike, mayai yakaanza kuzamishwa kwenye dawa ya jentamaisini, kwa mbinu iliyotengenezwa na Ronald Siebeling wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Salmonela walipungua kweli, lakini waliobaki baadhi yao wakawa sugu kwa dawa hiyo. Mwaka 1990 watafiti wa Kanada walichapisha taarifa za salmonela sugu waliotoka kwa kobe wa Louisiana waliokusudiwa kuuzwa nje.

Kipindi hichohicho katuni za kobe wapiganaji zilikuwa zinapendwa na watoto kila mahali, na soko likachangamka. Vitoto vilipokua na kuwa wakubwa kama sahani, watu wakavitupa kwenye mito na mabwawa. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka 1997, na kobe huyu sasa yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Marekani kwenyewe biashara ya magendo haijaisha: mwaka 2007 mtoto mchanga wa wiki chache alifariki Florida kwa salmonela wa aina ileile iliyokutwa kwa kobe mdogo wa nyumbani kwao.

Huku kwetu wengi wanakutana na kobe kisiwani Changuu, Zanzibar, ambako kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli wapo tangu 1919. Wale ni wa nchi kavu, lakini habari ya salmonela ni ileile, kwa hiyo ukishawalisha majani nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa maembe yako. Na kama unafikiria kufuga, ulizia kibali kwanza. Kenya, kwa mfano, sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumweka mnyamapori nyumbani bila hicho.

Ukiwa na kobe wa majini tayari, tenga beseni na brashi vya kazi hiyo peke yake, safishia nje, maji yamwage chooni. Usitumie sinki la jikoni. Chujio lisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, kwa sababu klorini ya bombani inaua bakteria wale wanaokusaidia kuondoa amonia. Maji mapya ya bomba yaache wazi siku nzima kabla ya kuyamimina. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 5, ushauri wa madaktari ni kwamba kobe huyo atafutiwe nyumba nyingine, lakini siyo mtoni.