Seli Shina za Tumbo: Fundi au Mshukiwa?

Kuna hizi poda zinauzwa kwa status za WhatsApp siku hizi, ati zinaongeza seli shina mwilini, na kwa hivyo zinatibu ulsa, kisukari, mpaka kansa ya tumbo. Sitataja jina la mtu. Ila historia ya seli shina na kansa ya tumbo ni tamu kuliko hilo tangazo, na inasema kitu tofauti kabisa.

Neno lenyewe ni la zamani. Mjerumani Ernst Haeckel aliandika Stammzelle mwaka wa 1868. Stamm ni shina, na yeye alikuwa anawaza juu ya mti wa ukoo wa viumbe, si dawa. Waliomfuata ndio walilichukua neno hilo wakaipa seli inayozaa seli zingine huku yenyewe ikibaki pale pale.

Tumbo linaihitaji sana seli kama hiyo. Ukuta wake wa ndani unakaa kwa asidi kutwa kucha, chakula kinausugua, na seli zinakufa kila siku. Lazima kuwe na fundi wa kuziba mapengo. Mwaka wa 1993, Sherif Karam na Charles Leblond walitumia kemikali yenye mionzi inayoingia kwenye DNA ya seli inayogawanyika, wakaonyesha kwa panya kwamba ndani ya vishimo vidogo vya ukuta wa tumbo kuna seli chache zinazowazaa wengine wote. Shida ni kwamba fundi huyo hakuwa na jina. Walimjua kwa sura yake kwenye darubini na mahali alipokaa, basi.

Hapo ndipo jeni zinaingia. Karibu kila seli mwilini mwako ina jeni zile zile. Tofauti ni zipi zimewashwa. Chukua ploti yenye vyumba ishirini vya kufanana. Ukisimama nje usiku, taa ndizo zinakuambia nani yuko. Mwaka wa 2007, pale Utrecht, Uholanzi, Nick Barker akiwa kwa maabara ya Hans Clevers alipata taa ya aina hiyo kwenye utumbo wa panya: jeni inayoitwa Lgr5. Waliiunganisha na protini inayong'aa kijani, na seli zilizong'aa zikawa ndizo seli shina. Miaka miwili baadaye Toshiro Sato, kwa maabara hiyo hiyo, akachukua seli moja tu ya Lgr5 akaikuza ikawa kiutumbo kidogo ndani ya kisahani. Seli moja, manze! 2010 wakaikuta taa hiyo tumboni pia, chini karibu na mlango wa kutokea chakula.

Sasa, kabla hujaanza kushangilia, rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1984 daktari Barry Marshall wa Perth, Australia, alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori ili kuwaonyesha waliobisha kwamba mdudu huyo anawasha tumbo. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kamera ilionyesha tumbo lake limevimba ndani. Mwaka wa 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO likamweka bakteria huyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa. Kilichobaki ni swali: je, ni seli gani inayogeuka?

Mwaka wa 2004 JeanMarie Houghton na wenzake walitoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Waliwapa panya bakteria wa Helicobacter felis, binamu wa pylori anayepatikana kwa paka, wakawasubiri karibu mwaka mzima. Tumbo likaumia bila kupona, seli kutoka uboho wa mifupa zikaja kusaidia kujenga, na kansa ikatoka kwa seli hizo hizo zilizokuja kusaidia. Sawa, ni panya, na kwa binadamu mambo hayajathibitishwa hivyo. Lakini soma tena polepole: zililetwa seli za ziada kwa tumbo lenye kidonda. Niliandikia muuzaji mmoja nikamuuliza hizo za kwake zitajuaje kuacha kugawanyika. Alinitumia bei.

Baada ya 2010 kila mtu akataka kutumia taa ya Lgr5 kupima kansa ya tumbo. Watafiti walichukua vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa wakavipaka rangi. Wengine walisema wenye Lgr5 nyingi wanafariki mapema, wengine hawakuona hivyo. Mimi sishangai. Taa hiyo inawaka kwa fundi mzima na kwa fundi aliyeharibika, na rangi zenyewe za kuitafuta kwa binadamu zimekuwa za kubahatisha. Barker mwenyewe, akiwa Singapore, alirudi mwaka wa 2020 na alama nyingine, AQP5, inayokaa nje ya seli ambako ni rahisi kuishika. Hiyo nayo ilionekana kwa tumbo zima na kwa kansa.

Linganisha na HER2, ambayo si ya seli shina hata kidogo. Mwaka wa 2010 jaribio la ToGA lilionyesha kwamba wagonjwa wa kansa ya tumbo wenye HER2 nyingi, wakiongezewa trastuzumab kwa kemo, nusu yao walifikisha miezi 13.8 badala ya 11.1. Ni miezi isiyofika mitatu, na ni dawa ghali. Ila daktari akiona HER2 anajua la kufanya kesho asubuhi. Akiona Lgr5, bado hana dawa ya kuandika.

Kwa hivyo kama tumbo linakuchoma kila wiki na unaishi kwa dawa za asidi za kununua dukani, kipimo cha H. pylori kinafanywa kwa choo, na mdudu huyo anatibiwa kwa antibiotiki. Ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, hapo ni kamera, na kipande kinakatwa kupelekwa kwa darubini. Kikiwa kansa, wanaweza kuomba HER2. Lgr5 haimo kwenye fomu hiyo.