Lundo, Dafina na Ukuaji: Historia ya Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Kulimbika

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na maneno ya Kiingereza "gather", "hoard", "amass", "accumulate" na "accrue", mara nyingi huyatia yote katika kapu moja la "kusanya" na kuendelea na safari yake. Katika hadithi au barua jambo hili halileti madhara makubwa. Katika sheria na hesabu za fedha huyaleta, kwa sababu maneno hayo, ingawa leo huorodheshwa pamoja kuwa visawe, hayakuingia katika Kiingereza kwa mlango mmoja wala kwa kazi moja.

Tabaka la chini kabisa ni la Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066. Humo "gather" lilikuwa "gaderian", neno lenye udugu na "together", yaani pamoja. "Heap" halikuwa lundo la vitu tu, bali hata umati wa watu. "Hoard", lililoandikwa "hord", lilikuwa neno la heshima: mali ya thamani iliyofichwa na kulindwa. Katika utenzi wa Beowulf anayeilinda ni joka, na washairi wa zama hizo waliunda hata "wordhord", hazina ya maneno aliyo nayo msemaji. Wanaakiolojia wangali wakilitumia katika maana hiyo. Dhahabu ya Staffordshire iliyogunduliwa mwaka 2009, yapata kilo 4, huitwa hivyo, na vilevile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Kwa vitu vya namna hii Kiswahili kina neno lake, "dafina", na hapana haja ya kubuni jingine. Lakini sokoni heshima ya "hoard" imeshuka, maana mwenye kuficha sukari wakati wa uhaba huitwa kwa neno lilo hilo. Tanzania ilipoendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, Kiswahili kilisema "kuficha bidhaa" na "kulangua", dafina haikuguswa. Ambapo Kiingereza kina neno moja, Kiswahili kimetenganisha mali ya wafu na ulafi wa walio hai.

Tabaka la pili lililetwa na Wanormani, na hili ndilo lenye mambo mazito. Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na ya mahakama. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini mawakili waliendelea na Kifaransa chao cha pekee katika maandishi yao kwa muda mrefu. Ni sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, iliyokiondoa mahakamani pamoja na Kilatini. Katika mazingira hayo ndimo lilimokulia neno "accrue", lililoingia katika karne ya 15. Asili yake ni "acreue" ya Kifaransa cha kale, yaani ongezeko, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini "crescere", kukua. Neno "crew", ambalo leo humaanisha mabaharia wa chombo, ni la ukoo huo huo: kwanza lilikuwa askari wa nyongeza waliopelekwa vitani.

Picha iliyomo katika "accrue", basi, si ya lundo bali ni ya mmea. Hakuna mtu anayekusanya; kitu chakua chenyewe na kumfikia mwenye haki nacho. Ndiyo maana husemwa juu ya faida ya mkopo, isiyochumwa na mtu bali huongezeka usiku na mchana. Kiarabu nacho kilifika hapo kwa njia yake, kwani "riba" yatokana na mzizi wenye maana ya kukua na kuongezeka.

"Accumulate" ni la wasomi wa karne ya 16, waliochota Kilatini moja kwa moja vitabuni. "Cumulus" ni lundo, na Mwingereza Luke Howard alilitumia neno hilo hilo mwaka 1802 alipoyapa mawingu majina, kwa yale yaliyorundikana kama pamba. "Amass" halihitaji maneno mengi: linatokana na "massa", bonge la unga uliokandwa.

Kiswahili nacho si maskini katika uwanja huu. "Kurundika" ni kuweka kitu juu ya kitu, hata kwa siku moja. "Kulimbika" ni jambo jingine. Mwenye kulimbika maji huketi kando ya kisima wakati wa ukame, akingoja yachuruzike na kujaa kiasi cha kutekwa. Mwenye kulimbika ndizi huzifunika hadi ziive. Katika mifano yote miwili kuna saburi, na wakati ndio unaofanya kazi. "Accumulate" halina saburi hiyo katika asili yake, na kwa kweli "limbika" limelipita kwa usahihi. Maandishi ya siasa ya Ujamaa yalilichukua, yakanena juu ya kulimbikiza mali, na maofisini "malimbikizo ya mishahara" yakawa jina la fedha ambazo mfanyakazi amecheleweshewa. Kiingereza huziita "arrears", neno litokanalo na Kifaransa chenye maana ya nyuma: kimoja chaona kilichoachwa nyuma, kingine chaona maji yaliyojaa kisimani.

Uzuri huo huo wa "limbika" waweza kumpoteza mfasiri wa sheria. Sheria ya Kenya kuhusu ukomo wa muda wa kudai, Sura ya 22, huhesabu miaka tangu siku ambayo sababu ya madai ili-"accrue": miaka 3 kwa madhara, miaka 6 kwa mkataba, miaka 12 kwa kurejesha ardhi. Hapo neno hilo halina lundo wala kungoja. Lina maana ya kuzuka, siku moja yenye tarehe. Akiandika mfasiri kwamba sababu ya madai "imelimbika", msomaji ataelewa kwamba madhara yapaswa yajae kwanza ndipo hesabu ianze, naye mwenye shamba atakaa kando ya kisima chake miaka 12 na kufika mahakamani akiwa amechelewa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo tofauti hii si ya kamusi tu. Kwa riba, "kuongezeka" latosha. Kwa mishahara, "kulimbika". Kwa haki ya kudai, "kuzuka", na tarehe iandikwe kando yake.