Yule jamaa aliyening'inizwa mguu mmoja

Wadau, mitihani imekaribia, na mwenzenu badala ya kudurusu nimenasa kwenye historia ya karata moja ya taroti: mtu kaning'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Wapiga ramli wa siku hizi watakwambia maana yake ni subira na kujitoa. Haya. Lakini Italia ya karne ya 15, wakati karata hizi zilikuwa za kuchezea tu, picha ile ilisomeka moja kwa moja: msaliti! Miji ilikuwa inawachora wasaliti hivyo hivyo ukutani, hata kama mhusika mwenyewe kashatoroka. Aibu ibaki.

Mwaka 1412 yalimkuta Muzio Attendolo Sforza, askari wa kukodiwa. Alimwacha aliyemwajiri akahamia kwa mfalme wa Napoli, basi akachorwa Roma, miguu juu. Sasa cheki hii: mwanawe Francesco akaja kuitawala Milano 1450, na seti maarufu ya karata inayohusishwa na ukoo wake inayo picha ile ile. Yaani nyumbani kwao walicheza karata na fedheha ya baba! Sijui nani alithubutu kucheka.

Lile duara la nuru kichwani mwake alilichora Pamela Colman Smith, katika seti iliyotoka London 1909.