Lifahamu Morgan: gari la magurudumu matatu linalopendwa licha ya usumbufu wake

Ukitaja chombo cha magurudumu matatu hapa kwetu, kila mtu anafikiria bajaji. Bajaji inabeba abiria, inabeba magunia, na kuna nyumba nyingi ambazo ada ya shule inatoka humo. Uingereza kuna chombo kingine cha magurudumu matatu ambacho hakibebi mzigo wowote wa maana. Kinakaa watu wawili tu, hakina mlango wala paa, na kilipokuwa kipya bei yake ilizidi pauni 30,000. Kinaitwa Morgan. Wenye gari hili ndio wa kwanza kukuambia kwamba linasumbua, na wengi wao hawana mpango wa kuliuza.

Katika makala haya tunaeleza gari hili limetoka wapi, linaharibika wapi na wenyewe wanalitunzaje. Mwisho tunatazama hesabu inayomhusu kila mwenye chombo kinachotaka uangalizi wa kila siku.

Lilianzaje?

H. F. S. Morgan alianzisha kiwanda chake Malvern, magharibi mwa England, na magari yake ya kwanza yakaonyeshwa London mwaka 1910. Wazo lake lilikuwa rahisi. Alichukua injini ya pikipiki ya silinda mbili, akaifunga mbele ya chesisi nyepesi, akaweka magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Gurudumu la nyuma ndilo lililosukuma gari, kwa mnyororo.

Sababu ya magurudumu matatu ilikuwa pesa. Uingereza, chombo chepesi cha magurudumu matatu kilitozwa kodi ndogo kama ya pikipiki, si ya gari. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kumpakia mke wake pembeni na kusafiri.

Magari hayo ya mwanzo yalimtaka dereva awe nusu fundi. Kwa miaka mingi yalikuwa na gia mbili tu, kila gia na mnyororo wake, na hayakuwa na rivasi. Hata hivyo yalikuwa mepesi na yalikimbia. Mwaka 1913, W. G. McMinnies aliendesha Morgan katika mashindano ya magari madogo huko Amiens, Ufaransa, akamaliza wa kwanza.

Baadaye magari madogo ya magurudumu manne yalishuka bei, na wateja wakahamia huko. Kiwanda kiliacha kutengeneza ya magurudumu matatu mwaka 1952.

Mwaka 2011 kikalirudisha. Gari jipya lilikuwa na injini ya silinda mbili ya S&S kutoka Marekani yenye karibu cc 2,000, yaani kama mara kumi ya injini ya bajaji. Giaboksi ilikuwa ya Mazda. Nguvu zake zilikuwa kama farasi 80, kwenye gari lenye uzito wa kilo mia tano na kidogo. Liliendelea kutengenezwa hadi 2021, na mwaka 2022 likaja jingine, Super 3, lenye injini ya Ford ya silinda tatu. Usumbufu tunaouzungumzia hapa ni wa hili la 2011 hadi 2021.

Linatofautianaje na bajaji?

Bajaji ina gurudumu moja mbele. Ukiingia kona kwa kasi kisha ukabana breki, uzito unakimbilia mbele na upande wa nje wa kona, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuupokea. Ndiyo maana inapinduka. Morgan lina mawili mbele, yaliyotanuka, kwa hiyo uzito huo unapata pa kuegemea. Tena dereva anakaa chini, karibu na lami.

Lakini nalo lina kasoro zake. Nguvu zote za injini zinapita kwenye tairi moja la nyuma, na barabara ikiwa na maji tairi hilo linateleza kirahisi. Breki hazina mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Kuna na suala la mashimo: mwenye gari la kawaida analiweka shimo katikati ya matairi akapita. Kwenye Morgan, shimo ukilikwepa kwa magurudumu ya mbele, la nyuma linatumbukia humo humo.

Linasumbua wapi?

Chanzo kikubwa ni mtikisiko. Silinda mbili kubwa zinapiga kwa kishindo, na kila pigo linasafiri hadi gurudumu la nyuma. Njiani nguvu hiyo inapita sehemu nne, na kila moja ina habari yake.

Kwanza ni kifaa kinachopunguza mishtuko ya injini kabla haijafika kwenye giaboksi. Kikichoka, gari linagonga na kutetemeka, hasa likienda taratibu kwenye gia kubwa.

Pili ni giaboksi yenyewe. Hii kwa kawaida haina shida, kwa sababu ni ya gari linalotengenezwa kwa wingi.

Tatu ni kisanduku cha gia kilicho nyuma, kinachogeuza mzunguko na kuupeleka kwenye mkanda. Kinafanana na difu, ila kinatoa nguvu upande mmoja tu. Kwenye magari ya miaka ya mwanzo, wenyewe walilalamika sana kuhusu kisanduku hiki kuvuja oili, kupiga kelele na wakati mwingine kufa kabisa.

Nne ni mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma. Jiwe dogo likiingia kati ya mkanda na puli, linaweza kuutoboa.

Mbali na hizo, mtikisiko unalegeza nati na bolti popote zilipo. Kwenye baadhi ya magari ya mwanzo, chesisi ilipata nyufa sehemu ya mbele. Injini inapozwa na upepo, kwa hiyo foleni ndefu siku ya jua inaipa joto. Na tairi la nyuma likipasuka ni kazi, maana gari halibebi tairi la akiba.

Wenyewe wanafanya nini?

Mwenye Morgan anayejua chombo chake halipandi na kuondoka tu. Kwanza analizunguka. Anaangalia oili, upepo wa matairi, mawe kwenye mkanda, na doa lolote jipya la oili chini ya gari. Nati muhimu amezipiga mstari wa rangi unaovuka nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, anajua nati imezunguka. Zinazolegea kila mara anazifunga kwa gundi ya nati.

Anaandika kila matengenezo: tarehe, kilomita, kifaa kilichobadilishwa. Daftari hilo linamsaidia yeye, na siku ya kuuza linapandisha bei. Anayenunua lililotumika huuliza kwanza kama vifaa vya mwanzo vyenye udhaifu vimeshabadilishwa, na anataka kuona karatasi.

Pia hayuko peke yake. Kuna klabu, Morgan Three Wheeler Club, ambako wenye magari haya wanapeana ujuzi na kuelekezana spea zinapopatikana. Tatizo lililomkuta mmoja mwaka jana linamwokoa mwingine mwaka huu.

Kwa nini hawaliuzi?

Jibu la kwanza ni raha ya kuliendesha. Upepo uko usoni, injini iko mbele ya macho yako, na kilomita sitini kwa saa unaziona kama mia.

Jibu la pili ni kwamba gari hili halifichi kitu. Kifaa kikianza kuchoka, mwenyewe anakisikia mapema, na sehemu nyingi anazifikia kwa spana zake mwenyewe. Anayelitunza anakuwa na uhusiano nalo ambao mwenye gari la kufunga boneti na kusahau hana.

Jibu la tatu halisemwi sana, nalo ndilo kubwa. Morgan kwa kawaida ni gari la pili nyumbani. Likikaa gereji wiki sita likisubiri kifaa, mwenyewe anaenda kazini kwa gari jingine. Hasara yake ni Jumapili iliyoharibika.

Hesabu kwa mwenye bajaji

Hapo ndipo sisi tunatofautiana naye. Bajaji au bodaboda ikilala, chakula kimelala. Ukiona mtu anakipenda chombo kisumbufu, jiulize kwanza kama maisha yake yanakitegemea.

Ukitaka kununua chombo cha biashara, usikichague kwa sura wala kwa mlio. Chagua ambacho spea zake zipo mjini kwenu na mafundi wa hapo wanakijua. Kikiwa kimetumika, omba kumbukumbu za matengenezo. Kiwashe asubuhi kikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha mengi.

Ukishakuwa nacho, mambo mengine ya mwenye Morgan yaige yote. Kizunguke kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Piga mistari ya rangi kwenye nati. Fungua daftari. Halafu ongeza jambo moja ambalo yeye halihitaji sana: weka pembeni pesa ya gereji kila siku. Ukiweka shilingi 2,000 kwa siku 25 za kazi, mwezi ukiisha una 50,000. Kifaa kikifa, hutakopa na hutapaki.

Na mkiwa kumi kijiweni, mnaweza kuanza na kitu kidogo: daftari moja la pamoja. Andikeni kila kilichoharibika, kilipotengenezwa, bei iliyolipwa, na kama kilidumu.