Presha ya ndani ya fuvu: dalili zake na tiba yake

Mtu akisema ana presha, sisi hufikiria presha ya damu, ile inayopimwa mkononi. Iko nyingine, ya ndani ya fuvu la kichwa, na hiyo mashine ya mkononi haiioni. Wenye jamaa wanaofanya kazi au biashara Kitale na Bungoma wafahamu pia pa kwenda.

Fuvu la mtu mzima limefunga pande zote. Ndani mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mwili hutengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku na kuyanyonya tena. Kimoja kikizidi, vingine hubanwa. Ubongo uliobanwa hukosa damu. Mgonjwa hufa au hubaki na ulemavu.

Sababu. Ajali za bodaboda, kwani damu huweza kuvuja ndani bila jeraha nje. Kiharusi cha kuvuja damu, uvimbe, homa ya uti wa mgongo, na fangasi ya kriptokoka kwa wenye HIV. Kwa watoto wachanga, kichwa maji.

Dalili. Mtu mzima huumwa kichwa zaidi alfajiri au akilala, hutapika, huona ukungu au viwili viwili, husinzia kupita kawaida. Mtoto mchanga kichwa hukua upesi, utosi huvimba, macho huelemea chini. Wengi huambiwa ni kijicho au mashetani. Kisomo na kisomwe, lakini Mtume (SAW) ametuamrisha kutafuta dawa, na hapa kila saa ina thamani.

Tiba. Hospitalini mgonjwa huinuliwa kichwa kama nyuzi 30, hupewa oksijeni na dawa ya manitoli, hupigwa picha ya CT, na damu iliyovuja hutolewa kwa upasuaji. Mwenye kriptokoka hupunguzwa maji kwa sindano ya mgongoni, wakati mwingine kila siku. Kwa majeruhi wa Kitale na Bungoma, hospitali kuu ya rufaa ni ya Moi, Eldoret.

Kichwa maji hutibiwa kwa mrija unaopeleka maji tumboni. Tatizo ni kwamba mrija huziba, na anayeishi mbali na daktari huweza kufa kabla ya kufika. Ndipo Mbale, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Bungoma, daktari Mmarekani Benjamin Warf wa hospitali ya watoto ya CURE alipoanza, mwaka 2001, kuunganisha njia mbili: kutoboa tundu la kupitisha maji ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu zinazoyatengeneza. Watoto wengi wameishi bila mrija. Warf alionyesha pia kwamba wengi wa wagonjwa wake waliupata ugonjwa kwa maambukizi ya uchangani.

Basi mtoto akipata homa kali au degedege, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kila kliniki, mama aombe kichwa cha mwanawe kipimwe kwa utepe na kipimo kiandikwe kitabuni.